Mzigo, hema na meli iliyozama

Mama mmoja wa Uppsala ameniandikia. Kijana wake wa miaka 17 anataka kwenda milimani kaskazini kwa wiki nzima na rafiki zake wa Kiswidi, kila mtu na begi lake mgongoni, halafu wakirudi wajifunze kupiga mbizi kwenye meli zilizozama. Anauliza kama hii ni afya au wazimu, na kama atamkatalia mtoto, amkatalie kwa sababu ipi yenye maana.

Swali lake limenikuta nina majibu mkononi, kwa sababu Julai iliyopita nilifanya yote mawili. Tulikuwa wanawake wanne. Mmoja ni Mhaya aliyekulia Mwanza, nafanya naye kazi wodi moja hapa Stockholm. Wa pili ni Mkongomani wa Uvira, anahudumia wazee. Wa tatu ni Mswidi, nesi wa chumba cha upasuaji, na tangu nimfahamu likizo zake zote anazimalizia majini. Sheria ya hapa inampa kila mfanyakazi siku 25 za likizo kwa mwaka, na haki ya kuchukua wiki nne mfululizo majira ya joto. Wengi wetu siku hizo tunazitumia kufanya zamu za ziada ili tutume hela nyumbani. Mwaka jana tuliamua kwamba wiki mbili ni zetu.

Nilipompigia mama Kibosho kumweleza, alisikiliza vizuri mpaka nilipofika kwenye begi.

"Mnabeba wenyewe?"

"Tunabeba wenyewe, mama."

"Na anawalipa nani?"

"Hatulipwi. Sisi ndio tunaolipa."

Akanyamaza, kisha akasema, "Mjomba wako alibeba miaka 18 ili wewe usibebe."

Wanaotoka Moshi wataelewa. Mjomba alikuwa mgumu, maana ndivyo wapagazi wa Kilimanjaro wanavyojiita, wagumu. Kanuni inasema mzigo usizidi kilo 20, na miaka yake ya mwanzo kanuni hiyo ilikuwa ya karatasini tu. Alibeba mahema, viti, mitungi ya gesi na mayai ambayo hayakutakiwa kuvunjika. Aliufahamu mlima kuliko wateja wote aliowahudumia, lakini hakuwahi kufika Uhuru, kwenye zile mita 5,895 ambazo watu wanapigia picha. Kazi yake iliishia kambi ya Barafu. Usiku wateja waliendelea na kiongozi wao, yeye akabaki akichemsha maji ya kuwapokea. Mimi nimekua Kibo ikionekana nyuma ya jikoni kwetu, na mpaka leo sijaipanda. Kwetu mlima ulikuwa kazi, na mtu haendi kazini siku ya mapumziko.

Kwa hiyo mama hakukosea. Ila nadhani mzigo unaoubeba kwa sababu huna njia nyingine, na mzigo unaoujaza mwenyewe kwa kuchagua soksi na maharage ya kopo, miguu inaupokea kwa namna mbili tofauti. Wangu ulikuwa kilo 13. Kwa kijana wa Uppsala nasema begi lisizidi robo ya uzito wa mwili wake, na likiwa chini ya hapo ni bora zaidi. Mgongo wa miaka 17 bado unajengeka.

Lingine lilikuwa hema. Mswidi wetu alikuwa amenunua hema jipya la watu wanne, jepesi, la rangi ya chungwa. Alilikunjua sebuleni kwangu kwa furaha kabisa. Yule wa Uvira aliliangalia, akaligusa kitambaa, akasema kwa upole, "Mimi sehemu yangu ya hema nimeshaimaliza." Aliishi Nyarugusu, kule Kasulu mkoani Kigoma, tangu akiwa na miaka 8 mpaka alipoletwa Sweden akiwa na 20. Anajua mvua ya Kigoma inavyoanza kwa kugonga turubai, halafu inavyoingia chini. Mswidi hakuuliza kitu. Alilikunja, na wiki iliyofuata akalirudisha dukani. Tukalala kwenye vibanda.

Na vibanda vipo vya kutosha. Njia tuliyofuata inaitwa Kungsleden, yaani Njia ya Mfalme, ambayo yote ina urefu wa kilomita 440 hivi kutoka Abisko hadi Hemavan. Sisi tulitembea kipande cha juu tu, Abisko hadi Nikkaluokta, kilomita 105 kwa siku saba. Vibanda ni vya chama cha utalii cha Sweden, STF, kilichoanzishwa mwaka 1885, na viko umbali wa mwendo wa siku moja. Havina umeme. Mgeni anachota maji mtoni, anapasua kuni, anamwaga maji machafu, na asubuhi anafagia kabla ya kuondoka. Nilicheka peke yangu. Waswidi wanasafiri usiku kucha kwa treni na kulipa pesa ili waishi wiki moja kama bibi yangu alivyoishi maisha yake yote. Lakini mfumo wenyewe ni mzuri. Mkurugenzi na mwanafunzi wanashika shoka lilelile, na kuni unazopasua huzitumii wewe, zinamngojea atakayekuja kesho.

Mama wa Uppsala, upande huu usiogope sana. Njia imewekwa alama kwa mawe na miti yenye rangi nyekundu, mito mikubwa ina madaraja, na mahali pa juu kabisa kwenye kipande hicho, mwinuko wa Tjäktja, ni kama mita 1,150 tu. Huko hakuna ugonjwa wa kimo. Hatari ya kule ni baridi ya mvua. Mtu aliyelowa kwenye upepo wa nyuzi 6 anaweza kushuka joto la mwili hata mwezi wa Julai, na dalili ya kwanza si kutetemeka peke yake. Utaona anakuwa mkimya, anaanza kujikwaa, anashindwa kufunga vifungo vyake mwenyewe. Mvueni nguo mbichi, mvisheni kavu, mpeni kitu cha moto chenye sukari. Pamba ibaki nyumbani, vaeni sufu. Mbu ni wengi kuliko wa Kilombero, ila hawana malaria. Jua halitui mpaka katikati ya Julai, kwa hiyo beba kitambaa cha kufunika macho.

Kuhusu gharama, usinunue vitu vipya kwa kijana anayerefuka kila mwezi. Manispaa nyingi zina Fritidsbanken, yaani ghala la vifaa vya michezo. Unaazima begi, viatu au mkeka wa kulalia kwa siku 14 bila kulipa hata krona moja, na huulizwi sababu.

Tulipita chini ya Kebnekaise bila kuupanda. Watoto waliosoma hapa zamani walifundishwa kwamba kilele cha kusini ndicho kirefu kuliko vyote Sweden. Kilele hicho kimefunikwa na barafu, barafu imeyeyuka, na sasa kilele cha kaskazini, chenye mwamba mtupu wa mita 2,096.8, ndicho kimeshika nafasi ya kwanza. Nilimweleza mama habari hiyo kwenye simu. Akasema hata Kibo siku hizi kofia yake imechakaa.

Sasa tuje baharini, na hapa nitakaa kidogo.

Neno lenyewe linanichekesha. Ukimwambia kijana wa Tanga au Kurasini kwamba unakwenda kuzamia, atakuuliza kama una mtu wa kukupokea huko. Mzamiaji kwetu ni yule aliyejificha kwenye meli ya mizigo akatokea Ulaya. Nimehudumia mgonjwa mmoja hapa aliyekuja hivyo miaka mingi iliyopita, na akinisikia nasema nimezamia Dalarö anacheka mpaka anakohoa. Basi tutumie kupiga mbizi.

Bahari ya Baltiki ni mahali pa pekee duniani kwa meli za mbao zilizozama, na sababu ni mdudu. Wasomaji wa pwani wanajua kwa nini jahazi hupandishwa mchangani, likachomwa kwa moto chini na kupakwa deheni. Ni kwa ajili ya mdudu wa baharini anayetoboa mbao mpaka ubao unakuwa kama sega la nyuki. Mdudu huyo anataka chumvi, na maji ya Baltiki yana chumvi kidogo mno. Kwa hiyo meli iliyozama hapa miaka 300 iliyopita bado imekaa chini na mbao zake, mizinga yake, na nyingine hata nakshi zake. Sheria inazilinda zote zilizozama kabla ya mwaka 1850. Unaruhusiwa kutazama, huruhusiwi kuondoka hata na msumari.

Mpango wetu ulikuwa Dalarö, kwenye visiwa vya kusini mwa Stockholm, ambako kumetengwa eneo la meli zilizozama na wageni wanashushwa na waongozaji wenye kibali. Mswidi alishatuandalia siku. Mimi nilishamaliza kozi ya kwanza, baada ya miaka miwili ya darasa la kuogelea la watu wazima, maana Kibosho tuna mifereji, hatuna bahari. Wa Uvira amezaliwa kando ya Ziwa Tanganyika na anaogelea kama dagaa. Aliyebaki ni Mhaya wetu. Alisema hashuki, na alisema akiwa ametulia kabisa, akimenya chungwa.

Mama yake mdogo alikuwa ndani ya MV Bukoba.

Kwa wasomaji waliozaliwa ughaibuni: MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996 katika Ziwa Victoria, ikitoka Bukoba kwenda Mwanza, ikiwa imejaa kupita uwezo wake. Walikufa watu zaidi ya 800. Mwanza wanasimulia hadi leo jinsi meli ilivyopinduka ikabaki inaelea, tumbo juu, na watu ndani wakisikika wakigonga chuma. Kikatobolewa kitundu ili watolewe, hewa ikatoka, na meli ikaenda chini. Rafiki yangu alikuwa mtoto mdogo. Anachokumbuka ni wanawake wamekaa chini uani, na redio. Mama mdogo hakupatikana.

"Mimi sioni tofauti," alisema. "Nyie mnasema mabaki ya meli. Mimi nasikia kaburi."

Mswidi alianza kueleza kwamba meli za Dalarö ni za karne ya 17. Halafu akaacha katikati. Baadaye akatuambia jambo ambalo hakuwahi kulitaja katika miaka yote tuliyofanya kazi pamoja, kwamba mwalimu wake wa shule ya msingi alifia kwenye Estonia.

Wiki moja kabla ya Dalarö akatupeleka Djurgården. Ukifika kwenye jumba la makumbusho la Vasa, watu wote wanaelekea mlangoni. Sisi tulipita pembeni, tukaingia kwenye makaburi ya wanamaji yaliyo jirani kabisa, Galärvarvskyrkogården. Humo kuna kuta ndefu za mawe zilizofunguka upande wa maji, zimechorwa majina. Estonia ilizama usiku wa tarehe 28 Septemba 1994 ikitoka Tallinn kuja hapa Stockholm, ikiwa na watu 989. Walikufa 852, na 501 kati yao walikuwa Waswidi. Zaidi ya 700 hawakutolewa. Bado wako chini, kwenye kina cha mita kama 80. Serikali iliamua meli isipandishwe, ikawa kaburi, na tangu 1995 sheria inakataza mtu kuishukia. Watengeneza filamu wawili walipeleka chombo chenye kamera huko mwaka 2019. Walionyesha tundu ambalo halikuwa likijulikana kwa umma, wakashtakiwa, wakaachiwa, kesi ikarudiwa, na mwaka 2022 wakatiwa hatiani. Katikati ya yote hayo sheria ikalegezwa ili wachunguzi wa serikali waweze kwenda kutazama upya.

Na hatua chache kutoka ukuta ule, ndani ya jumba, imesimama Vasa. Ilizama tarehe 10 Agosti 1628 katika safari yake ya kwanza, baada ya mita kama 1,300 tu, mbele ya watu waliokuja kuishangilia. Walikufa kama 30. Wapiga mbizi wa jeshi la majini walichimba mifereji sita chini yake, wakapitisha nyaya, na tarehe 24 Aprili 1961 ikatoka juu ya maji. Leo unalipa tiketi, unatazama hata mafuvu ya waliokufa, unanunua kikombe dukani. Mmoja wao alipewa jina Gustav kwa miaka mingi. Mwaka 2023 uchunguzi wa vinasaba ukaonyesha ni mwanamke, akaitwa Gertrud.

Meli mbili, ukuta mmoja kati yao. Tulikaa kwenye benchi tukabishana, kwa sauti ya chini kwa sababu ya mahali.

Wa Uvira alisema ni miaka tu. Marehemu akiisha kukosa wa kumlilia, anakuwa historia. Mhaya akamuuliza ni miaka mingapi, amtajie namba. Mimi nilitaja Zanzibar. Mabaharia wa Pegasus, manowari ya Kiingereza iliyopigwa na Wajerumani tarehe 20 Septemba 1914, walizikwa kisiwa cha Chapwani, na watalii wanapita makaburini kwao na kamera, hakuna anayeudhika. Lakini mtu asije kuniambia twende tukatazame Spice Islander, iliyozama Septemba 2011 ikielekea Pemba. Waliopotezewa watoto usiku ule nawafahamu, wengine wanasoma gazeti hili. Mswidi alisema kwamba yeye hapiganii ruhusa ya kushuka Estonia. Anachotaka ni kuambiwa ukweli wa kilichotokea, na kwake hayo ni mambo mawili.

Hapo mimi nilikubaliana naye na bado nakubaliana. Katika kazi yetu maiti hufunikwa, hufungwa kwa heshima, lakini pia hufanyiwa uchunguzi pale ndugu wanapohitaji kujua. Hatujawahi kuona kwamba moja linafuta jingine. Ninachokataa ni starehe. Mtu asishuke kwenda kupiga picha pale ambapo yuko mama anayemtafuta mwanawe. Maadamu jina liko kwenye ukuta na kuna mkono unaoligusa, sisi wenye matangi mgongoni tukae juu.

Tulishuka Dalarö, watatu. Meli ni Riksäpplet, manowari iliyozama mwaka 1676, na haiko chini sana, kwa hiyo hata mwanafunzi anaifikia. Maji ni ya kijani kama mchicha uliochemka, unaona mbele yako mita chache tu. Unavaa suti isiyoingiza maji na chini yake nguo za sufu, na bado midomo inakufa ganzi. Halafu ghafla unakuta ubao mweusi, mnene kuliko kifua chako, na mwingine, na mwingine, na unatambua kwamba uko ubavuni mwa kitu kilichotengenezwa kwa mikono. Tulikaa dakika 25. Sikugusa kitu. Mhaya alikuja mpaka kwenye boti, akashika saa na daftari, akaandika muda wetu wa kushuka na wa kutoka kama anavyoandika chati ya wagonjwa, na tulipotoka akatupa chai ya tangawizi bila kutuuliza tumeona nini.

Maelezo machache ya kinesi, kwa ajili ya kijana na kwa yeyote anayepanga likizo nyumbani ya kuunganisha Kilimanjaro na Zanzibar, Mafia au Pemba. Anza na mlima, maliza na bahari. Ukipiga mbizi, mwili hufyonza naitrojeni kutoka kwenye hewa ya tangi. Ukipanda juu haraka, kwa ndege au kwa miguu, naitrojeni hiyo hutengeneza mapovu kwenye damu na viungo. Ngoja angalau saa 24 kabla ya ndege au mlima. Mwenye mafua asishuke, masikio hayatasawazika. Mwenye pumu aonwe kwanza na daktari anayeelewa mbizi.

Halafu selimundu. Wengi wetu tunayo nusu yake, yaani tumerithi kwa mzazi mmoja tu, na hatujui kwa sababu hatuumwi. Kwa Kungsleden haina neno, kunywa maji tu. Kwa Kilimanjaro ni habari nyingine, kwa sababu hewa nyembamba ikichanganyika na kukauka maji inaweza kuumiza bandama hata kwa mtu ambaye hajawahi kuugua. Pima kabla ya kulipia safari, ni kipimo cha damu cha kawaida. Na kwa visiwa vya Stockholm, adui ni kupe. Anabeba virusi vya homa ya ubongo. Chanjo ipo, inatolewa kwa awamu, kwa hiyo isiachwe mpaka wiki ya safari.

Kwa hiyo mama wa Uppsala, mlimani mwache aende. Kupiga mbizi, aanze na kozi, kwenye bwawa, na mwalimu mwenye cheti, na akienda kwenye meli iwe na mwongozaji mwenye kibali. Kama unataka sababu ya kumchelewesha mwaka mmoja, baridi ya maji inatosha. Na kabla hajashuka mpeleke Djurgården, asiingie Vasa kwanza.

Mwaka huu hatuendi pamoja. Mswidi yuko Norway na hema jingine, la mtu mmoja. Wa Uvira ana mtihani wa leseni. Mhaya ameondoka Jumanne kwenda Mwanza, mara ya kwanza baada ya miaka tisa. Jana alinitumia picha kutoka makaburi ya Igoma, walikozikwa wa MV Bukoba. Amesimama na dada yake, wameshika majembe, wanapalilia.